Kushona au kununua iliyo tayari: Waundaji tovuti wa Kabiro njia panda

KWA mpita njia, wodi ya Kabiro katika eneobunge la Dagoretti Kaskazini jijini Nairobi haionekani kuwa mahali pa kujadilia ufundi wa tovuti. Mitaa ya Kawangware imejaa vibanda vya M-Pesa, mafundi cherehani, wauza mboga na saiba za kuchapishia vyeti na kujazia fomu za serikali. Hata hivyo, mabadiliko ya robo karne iliyopita yameiweka kazi ya kuunda tovuti ndani ya uwezo wa kijana yeyote mwenye kipakatalishi cha mtumba, bando la intaneti na subira. Wateja wake hawatoki mbali: shule ya kibinafsi, kanisa, zahanati, chama cha akiba na mikopo, mwenye nyumba za kupangisha.

Kabla kijana huyo hajaandika neno moja la ukurasa wa mteja, hukabiliwa na uamuzi ambao mteja haulizwi wala hajui kwamba upo. Je, aandike mwenyewe mitindo yote ya tovuti, mstari kwa mstari, kwa lugha ya CSS? Au achukue kiunzi kilicho tayari, yaani furushi la mitindo lililoandikwa na kujaribiwa na watu wengine, apachike majina yake kwenye kurasa, na kazi iishe kabla ya jua kuchwa?

Imezoeleka kuliona suala hili kama ubishi wa mafundi, mithili ya mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards wanaotambiana kwenye kinyozi. Kwa hakika ni suala la kiuchumi. Jibu lake huamua nani atalipia uzito wa ukurasa, nani ataweza kuukarabati baada ya miaka mitatu, na kijana mwenyewe atabaki na nini mkononi siku chombo alichokizoea kitakapopitwa na wakati.

Wakazi wa Kawangware na Kibera wanaijua hoja hii kwa sura nyingine. Sare ya shule hushonwa na fundi kwa kipimo cha mtoto. Shati la ofisini hununuliwa Toi, soko la mitumba lililo ubavuni mwa Kibera, kisha fundi wa pembeni hufupisha mikono na kubana kiuno. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini wahenga hao hawakufika Toi. Wafanyakazi wengi wa Nairobi huingia ofisini wakiwa nadhifu kwa nguo ambazo hazikukatwa kwa ajili yao. Tofauti huletwa na yule fundi mwenye sindano. Bila yeye, shati la mtumba hubaki shati la mtu mwingine.

Lugha ya CSS yenyewe ilipendekezwa Oktoba 1994 na Håkon Wium Lie, raia wa Norway aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, na toleo lake la kwanza likaidhinishwa na shirika la W3C mnamo Desemba 1996. Wazo lilikuwa sahili. Maneno ya ukurasa yakae mahali pamoja, na mavazi yake, yaani rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya aya na mpangilio wa safu, yakae mahali pengine. Mwenye tovuti akitaka kubadilisha rangi ya vichwa vyote vya habari, hubadilisha mstari mmoja badala ya kurasa mia.

Nadharia hiyo nzuri ilichafuliwa na vivinjari. Internet Explorer 6, iliyotolewa mwaka 2001 na kutawala kompyuta za ofisi na saiba kwa miaka mingi, ilikuwa na tafsiri yake ya baadhi ya kanuni za CSS, na wapinzani wake walikuwa na tafsiri nyingine. Ukurasa uliopangika vyema kwenye kompyuta moja ulivunjika kwenye nyingine. Fundi wa zama hizo alitumia saa nyingi akitafuta hila za kuwaridhisha wote wawili.

Ni katika mazingira hayo ambapo mradi wa NairoBits ulianza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuwafunza vijana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi uundaji wa tovuti kwa ushirikiano na wabunifu kutoka Uholanzi. Ulikuwa mradi wa kijasiri. Intaneti ya Kenya wakati huo ilitegemea setilaiti, na ilikuwa ghali na ya mwendo wa kinyonga. Kebo ya nyuzi za kioo ya SEACOM haikuwashwa hadi Julai 2009. Mwanafunzi wa enzi hizo hakuwa na kiunzi cha kuchagua. Alijifunza kwa mkono kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Kulikuwa na kishawishi kimoja, nacho ni Flash, programu iliyofanya kurasa zicheze na kumetameta. Wabunifu wengi wa miaka hiyo, si wa Nairobi pekee bali duniani kote, waliwekeza ujuzi wao humo. Apple iliikataa kwenye iPhone, na kampuni ya Adobe ikaacha kabisa kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Tovuti zilizojengwa kwa Flash pekee zilizimika. Kurasa za HTML na CSS zilizoandikwa kwa mkono miaka hiyo hiyo bado zinafunguka hadi leo, hata kama zinaonekana kama suruali za pekosi.

Viunzi vya mitindo vilishika kasi mwaka 2011. Agosti ya mwaka huo, Mark Otto na Jacob Thornton, waliokuwa wakifanya kazi Twitter, walitoa hadharani Bootstrap, furushi walilokuwa wamelitengeneza ili wahandisi wa kampuni yao waache kuvuta kila mmoja kamba upande wake. Ukurasa uligawanywa katika safu. Fundi alitaja tu sehemu fulani ichukue safu ngapi. Vitufe, fomu, majedwali na menyu vilikuja vikiwa vimevaa tayari. Toleo la 3, la mwaka 2013, liliweka simu mbele ya kompyuta, jambo lililoifaa Kenya mno, nchi ambayo wengi waliikuta intaneti kwenye simu kabla ya kumiliki kompyuta yoyote.

Mwishoni mwa 2017 ikaja Tailwind ya Adam Wathan, yenye falsafa tofauti. Haikupi kitufe kilichokwisha kushonwa. Hukupa vipande vidogo vidogo, kimoja cha nafasi, kingine cha rangi, kingine cha unene wa herufi, nawe huviorodhesha ndani ya HTML hadi upate umbo unalolitaka. Programu maalumu kisha hupitia kurasa zako na kubakisha vile vipande tu ulivyovitumia. Faili la mwisho huwa dogo. Gharama huhamia kwa fundi, ambaye kwa kawaida hulazimika kupakua zana za kuendeshea kazi hiyo na kuzisasisha mara kwa mara. Kwa mhandisi wa Westlands mwenye intaneti ya nyuzi za kioo, hilo si neno. Kwa kijana wa Kabiro anayehesabu megabaiti, zana hizo zinaweza kumaliza bando la siku kabla hajachora kitufe kimoja.

Hapa ndipo hoja ya uzito huanzia, nayo inastahili kupimwa kwa makini kwa sababu hutiwa chumvi na pande zote mbili.

Faili la mitindo la Bootstrap 5, hata baada ya kuondolewa nafasi tupu, lina zaidi ya kilobaiti 200. Seva ikilibana kabla ya kulisafirisha, hushuka hadi takribani kilobaiti 30. Tovuti ya shule yenye kurasa tano yaweza kuvishwa kwa mitindo ya mkono isiyofika kilobaiti 10 hata bila kubanwa. Tofauti ipo, lakini si ya kumfilisi mtu. Picha moja ya mwalimu mkuu iliyopigwa kwa simu na kupandishwa bila kupunguzwa hufika megabaiti tatu kwa urahisi, sawa na kutuma faili hilo la Bootstrap mara 100. Wanaolaumu viunzi huku kurasa zao zimejaa picha za sherehe ya kufunga muhula wanamlaumu mbu na kumsahau tembo.

Hata hivyo, kilobaiti za mitindo zina tabia ambayo picha hazina. Kwa kawaida kivinjari hakianzi kuuchora ukurasa hadi kipokee mitindo iliyotajwa kwenye kichwa chake. Picha ikichelewa, mzazi husoma karo huku akiisubiri. Mitindo ikichelewa, mzazi hutazama kioo cheupe. Kwenye mtandao dhaifu, ndani ya nyumba ya mabati mchana ambapo kila mtu yuko hewani, kioo hicho cheupe hutosha kumfanya akate tamaa na kupiga simu shuleni.

Yapo pia madai ya zamani ambayo bado hurudiwa madarasani ingawa yamekwisha kufa. Mwanafunzi huambiwa aiite Bootstrap kutoka kwenye seva za umma, kwa sababu msomaji huenda tayari ameihifadhi kwenye simu yake alipotembelea tovuti nyingine. Hoja hiyo ilikuwa kweli kwa miaka kadhaa. Safari ilianza kutenganisha hifadhi ya kila tovuti mwaka 2013, Chrome ikafuata katika toleo la 86 la Oktoba 2020 na Firefox katika toleo la 85 la Januari 2021, ili kuzuia kampuni kuwapeleleza watu kupitia faili za pamoja. Tangu hapo kila tovuti hupakua nakala yake. Anayeendelea kulitegemea dai hilo anamlipisha msomaji kwa ajili ya faida isiyokuwepo.

Na msomaji wa Kenya hulipa kweli. Sheria ya Fedha ya 2018 iliitoza data ya intaneti ushuru wa bidhaa wa asilimia 15. Ukapanda hadi 20 mwaka 2021, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikaurudisha 15. Juu ya hayo ipo kodi ya ongezeko la thamani. Hesabu ni rahisi: bando la megabaiti 50 hufungua kurasa 25 zenye megabaiti mbili kila moja, au kurasa 500 za kilobaiti 100. Kwa mzazi anayenunua bando la saa moja ili aone matokeo ya mtoto, mbunifu ndiye aliyekwisha kuamua bando hilo litamfikisha wapi.

Iwapo mjadala ungeishia hapo, kazi ya mkono ingeshinda. Lakini upo upande wa ukarabati, na huko mambo hugeuka.

Ichukuliwe tovuti ya shule iliyoandikwa kwa mkono na kijana mahiri wa mtaani. Mwaka wa kwanza kila kitu ni shwari. Mwaka wa pili kijana apata kazi Upper Hill, au aondoka nchini. Shule yataka ukurasa wa mabasi. Fundi mpya afungua faili na kukuta mistari elfu mbili, yenye majina ambayo mwandishi pekee ndiye aliyejua maana yake, nusu yake haitumiki tena na hakuna anayethubutu kufuta hata mmoja asije akabomoa ukuta wa nyumba. Aishia kuongeza mistari mingine juu yake, kama mwenye nyumba anayeongeza chumba cha mabati juu ya chumba cha mabati. Mwaka wa nne shule yalipa upya kwa tovuti nyingine.

Kiunzi kina dawa ya sehemu ya ugonjwa huo. Majina ya Bootstrap yanajulikana Nairobi, Lagos na Bangalore. Maelezo yake yamo mtandaoni bila malipo. Anayemrithi mwenzake hukuta chumba ambacho angalau amewahi kukiona kingine kama hicho. Ni kwa sababu hiyo pia waajiri hutaja viunzi kwa majina kwenye matangazo ya kazi, na vyuo vya muda mfupi vya usimbaji vilivyochipuka jijini tangu katikati ya miaka ya 2010 huvifundisha mapema. Kijana aliyetoka Kabiro kwa nauli ya kukopa hawezi kulaumiwa kwa kujifunza kile kitakachompa mshahara wa kwanza. Wanaomwambia asome misingi kwa miaka miwili kwanza aghalabu ni watu wenye mishahara tayari.

Kibera yenyewe imetoa mfano wa nguvu ya kilicho tayari. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipozuka, kikundi cha Wakenya na marafiki wao, wakiwemo Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, kiliunda jukwaa la Ushahidi katika siku chache za Januari 2008, ili raia waripoti matukio na yaonekane kwenye ramani. Mwaka uliofuata, mradi wa Map Kibera uliwafunza vijana wa mtaa huo kuzunguka na vifaa vya GPS na kuiingiza Kibera katika ramani huria ya OpenStreetMap, mahali ambapo awali palikuwa karibu patupu. Walipotaka wakazi wapashane habari zao, hawakuandika mfumo mpya. Walichukua Ushahidi iliyokuwa tayari, wakaipa jina Voice of Kibera, na nguvu zao wakazielekeza kwenye habari na ramani. Kama wangeanza kwa kubishana kuhusu mitindo, huenda ramani ingechelewa kwa mwaka mzima.

Lakini tazama walichokishona wenyewe: njia, vyoo, zahanati, shule, majina ya vijiji vya Kibera. Hakuna kiunzi kilichokuwa na vitu hivyo. Mtumba ulikuwa wa kukatwa na fundi aliyejua mwili utakaouvaa.

Kwa upande wa serikali, fundisho linatoka Uingereza. Serikali ya huko iliunganisha tovuti zake nyingi chini ya GOV.UK mwaka 2012, na mwaka 2018 ikatoa hadharani mfumo wa pamoja wa mitindo, vitufe na fomu kwa ajili ya idara zote. Ni kiunzi, lakini ni kiunzi chao. Kilijaribiwa na wananchi halisi, wakiwemo wasioona wanaotumia programu za kusomewa kurasa. Idara inayokitumia hurithi majaribio hayo yote.

Kenya ilizindua huduma za serikali zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen tarehe 30 Juni 2023. Si siri kwamba wananchi wengi huzifikia kupitia mhudumu wa saiba, ambaye hutoza ada yake ya kujaza fomu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari kwa njia ifaayo. Kifungu cha 7 kinafanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Vifungu hivyo viwili huonekana au huzikwa katika vitu vidogo kama upana wa kitufe.

Suala la Kiswahili halizungumzwi vya kutosha. Viunzi mashuhuri vilibuniwa na kupimwa zaidi kwa Kiingereza, chenye maneno mafupi ya amri. Neno la herufi sita kwenye kitufe cha Kiingereza huwa "Wasilisha", herufi tisa. Mwaliko wa kujisajili huwa "Fungua akaunti", na wa kuingia huwa "Ingia kwenye akaunti yako". Menyu iliyotoshea mstari mmoja hukatika katikati na kuangukia mstari wa pili, kitufe hufunika kitufe, na mteja huamua kwamba Kiswahili ndicho chenye kasoro. Kurasa nyingi za Kiswahili zimerudishwa Kiingereza kwa sababu kama hizo zisizotajwa popote. Anayeijua CSS hurekebisha tatizo hilo kwa mistari mitatu. Anayejua majina ya kiunzi pekee hubadilisha lugha.

Urembo, bila shaka, si kila kitu. Agosti 2022 tume ya IEBC ilipoweka hadharani fomu 34A za vituo 46,229 vya kupigia kura, Wakenya walikesha wakizipakua na kujumlisha kura wenyewe. Usiku ule hoja ilikuwa fomu ifunguke.

Jambo jingine limebadilika kimyakimya na kupunguza nguvu ya hoja ya viunzi. Vivinjari vilivyokuwa vikigombana vimepatana. Machi 2017 Chrome, Firefox na Safari zilianza karibu kwa pamoja kukubali mfumo wa gridi ndani ya CSS yenyewe, ule ule mpangilio wa safu uliowafanya watu waikimbilie Bootstrap. Microsoft iliijenga upya Edge juu ya injini ya Chrome mwaka 2020, na kuistaafisha Internet Explorer 11 tarehe 15 Juni 2022. Kilichohitaji kiunzi kizima mwaka 2011 leo huandikwa kwa mistari michache ambayo kila simu ya kisasa huielewa. Aliyejifunza kwa mkono miaka ya NairoBits angeitazama kazi ya sasa kwa wivu.

Hali hiyo ingepaswa kuwarudisha vijana kwenye kazi ya mkono. Badala yake imekuja mashine inayowachagulia. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, anayeiomba roboti ya maandishi imtengenezee ukurasa mara nyingi hupokea Tailwind bila kuitaja, kwa kuwa mifano ya aina hiyo imetapakaa mtandaoni. Ukurasa hutoka nadhifu ndani ya dakika moja. Anayeupokea hajui kwa nini kitufe kina nafasi ile, wala afanye nini kikihama.

Kejeli ni kwamba hata watengenezaji wa kiunzi hicho wameumia. Januari 2026 Wathan alitangaza kwamba kampuni yake imewaachisha kazi robo tatu ya wahandisi wake. Programu yenyewe ilikuwa ikitumiwa kuliko wakati wowote, lakini watu hawakuhitaji tena kutembelea kurasa za maelezo ambako walikutana na bidhaa za kulipiwa. Tailwind haikufa, nayo ni huria, hivyo wengine wanaweza kuiendeleza. Hata hivyo tukio hilo linaonyesha jinsi chombo kinachotegemewa na tovuti nyingi kinavyoweza kusimama juu ya mabega ya watu wachache.

Bootstrap imekwisha kutoa onyo lake. Toleo la 3 liliacha kuhudumiwa Julai 2019, la 4 Januari 2023. Toleo la 5, la Mei 2021, liliachana na maktaba ya jQuery ambayo matoleo ya awali yaliitegemea, na kubadilisha majina kadhaa. Tovuti za zamani hazikuzimika kama zile za Flash; ziliganda. Kuzihamisha kutoka toleo hadi toleo ni kazi ya kulipiwa, na shule ya mtaani haina bajeti ya kulipia kitu kisichoonekana kwa macho.

Kwa kupima yote haya, msimamo wa kati si woga. Tovuti ya kurasa tano yenye karo, picha na ramani ya kufika haina haja ya kiunzi, na anayeiandika kwa mkono hupata pia darasa ambalo hatalipata kwingine. Mfumo wa chama cha akiba wenye fomu 30, unaoandikwa na watu wanne na kuhitaji kurithishwa, unakihitaji. Kuanza upya hapo ni kiburi kinacholipiwa na wanachama. Vyuo navyo vinaweza kutenga majuma machache ya mwanzo kwa CSS tupu bila kuchelewesha ajira ya mtu yeyote. Wiki hizo ndizo zinazomgeuza mtumiaji wa majina kuwa fundi anayeweza kufungua mshono na kuufunga tena.

Mteja naye ana sehemu yake, ingawa si rahisi kumtarajia mkurugenzi wa shule ya Kabiro ajue tofauti ya Bootstrap na Tailwind. Yapo mambo anayoweza kuyadai bila utaalamu wowote, kama anavyodai stakabadhi ya mabati: akabidhiwe faili zote siku ya malipo ya mwisho, aandikiwe kiunzi gani kimetumika na toleo lake, na ukurasa wa karo ufunguliwe mbele yake kwenye simu ya bei nafuu kabisa iliyopo ofisini, data ya Wi-Fi ikiwa imezimwa. Jaribio hilo la mwisho huchukua chini ya dakika moja. Tovuti nyingi zilizolipiwa hazijawahi kulifanyiwa.